Ukitaka kuijua Pickelhaube, igeuze kwanza

Mtu akinionyesha Pickelhaube, ile helmeti ya ngozi nyeusi ya Wajerumani yenye ncha utosini, siangalii beji ya tai iliyo mbele wala shaba. Naigeuza. Ndani ya ukingo wa nyuma, unaofunika shingo, helmeti ya askari wa kawaida iliyotolewa na jeshi mara nyingi ina mihuri: kiwanda, kikosi, mwaka. Muhuri uliofifia kwa jasho hunifurahisha kuliko shaba inayong'aa.

Kisha ichomoe beji ya mbele polepole. Hushikwa na vitanzi viwili vinavyopenya ngozi. Ukikuta matundu ya ziada, beji imebadilishwa, na bei ishuke. Tai mwenye maneno "Mit Gott für König und Vaterland" ni wa Prussia, ufalme mkubwa wa Ujerumani ya enzi hizo. Simba wawili na "In Treue Fest" ni Bavaria, ufalme mwingine wa Ujerumani hiyo. Kitufe cha mviringo badala ya ncha? Kwa Prussia, huyo ni mpiga mizinga.

Vyuma vya kijivu na ncha inayochomoka ni vya modeli ya 1915, shaba ilipoadimika vitani. Wengi huzidharau helmeti hizo; mimi nazipenda mno.

Na tafadhali, ngozi ya zamani usiipake dawa ya viatu.