Jinsi ya kuomba kibali cha kurekodi lugha ya watoto, na kuifikisha makala yako kongamanoni

Mtoto wa dada yangu alikuwa na miezi 22 nilipoanza kumrekodi, nyumbani kwao nje kidogo ya mji wa Kisumu. Alikuwa akichanganya Dholuo ya mamake na Kiswahili cha majirani, katika kile kipindi ambacho "mtoto" bado ni "toto" na "nataka" bado ni "taka". Nilikusanya saa 11 za sauti. Nilipompelekea msimamizi wangu kwa furaha, aliniuliza jambo moja tu: barua ya kamati ya maadili ni ya tarehe gani? Sikuwa nayo. Kamati haiidhinishi kazi iliyokwisha kufanywa, na leseni ya utafiti hairudi nyuma. Nilizifuta zote. Karatasi zilipokamilika, mtoto alikuwa anakaribia miaka mitatu na anasema "mtoto" kama mtu mzima. Miezi 22 yake haitarudi.

Ndiyo maana ninaandika haya kwa mwanafunzi wa Maseno, Kakamega, Bondo au Njoro anayetaka lugha ya watoto wa kwetu ifike kwenye makongamano ya isimu tarakilishi, yaani uchunguzi wa lugha kwa kompyuta. Mpangilio wa hatua ndio kila kitu. Karatasi unayoipata mwanzo ndiyo itakayoulizwa mwisho.

Kwanza amua unaenda wapi

Yapo makongamano ya namna mbili, na hayaombi kitu kimoja. Ya wanaisimu wa upataji lugha, kama lile la Chuo Kikuu cha Boston linalofanyika kila mwaka tangu 1976, au lile la chama cha kimataifa cha utafiti wa lugha ya watoto linalokuja kila baada ya miaka mitatu, huomba ikisiri, yaani muhtasari mfupi tu. Ikikubaliwa, unakwenda kuwasilisha. Ya isimu tarakilishi, yaani lile la ACL (chama cha taaluma hiyo kilichoanza 1962) pamoja na mengine mawili, EMNLP na CoNLL, huomba makala kamili, iliyokwisha kuandikwa na yenye matokeo. Mwanafunzi aliyezoea ikisiri hushtuka hapa.

Pande hizi mbili zimesogeleana sana tangu shindano la BabyLM lilipofanyika mara ya kwanza mwaka 2023, matokeo yake yakawasilishwa pamoja na CoNLL kule Singapore. Washiriki walipewa maneno milioni 10 au milioni 100 ya kufundishia modeli ya lugha (programu ya kompyuta inayojifunza lugha kutokana na maandishi), wala si zaidi, kwa sababu mtoto hufika umri wa miaka 13 akiwa amesikia maneno yasiyozidi milioni 100 hivi, na lugha anaijua. Maneno yale yalikuwa ya Kiingereza. Mtoto wa Luanda anayesikia Lunyore kwa nyanya, Kiswahili sokoni na Kiingereza shuleni hajaingia kwenye hesabu hiyo, na hatakaa aingie kama sisi hatukwenda kumsikiliza.

Ukishachagua kongamano, hesabu kurudi nyuma. Mimi hupendekeza mwaka mzima kati ya siku ya kuwasilisha pendekezo kwenye kamati na siku ya kutuma makala.

Kamati ya maadili

Leseni ya serikali haitolewi kwa utafiti wa watu kabla ya idhini ya kamati ya maadili, na kamati yenyewe lazima iwe imetambuliwa na NACOSTI, yaani Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi. Huku magharibi hatuna haja ya kwenda mbali: Maseno wana kamati yao, Masinde Muliro kule Kakamega wana yao, Egerton wana yao, na Eldoret ipo ya pamoja ya Chuo Kikuu cha Moi na hospitali ya rufaa. Kama chuo chako hakina, uliza kamati ya jirani kama inapokea maombi ya nje.

Utapeleka pendekezo lililotiwa saini na wasimamizi, ratiba, bajeti, wasifu wako na wao, zana zote utakazotumia (picha za kuonyesha watoto, maswali ya wazazi), na fomu ya ridhaa. Hiyo fomu ya ridhaa ndiyo inayorudisha maombi mengi, kwa hiyo tukae hapo kidogo.

Mtoto hawezi kutia saini. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla taarifa za mtoto hazijashughulikiwa, na sauti ya mtoto ni taarifa yake. Andika fomu kwa lugha ya mzazi. Fomu ya Kiingereza iliyotafsiriwa papo kwa papo mlangoni si ridhaa, ni adabu ya mgeni tu: mama anakubali kwa kuwa hataki kukukatalia. Kisha tenga ruhusa tatu, kila moja na kisanduku chake. Ya kwanza, mtoto arekodiwe. Ya pili, maneno yake yanukuliwe kwenye makala kwa jina la kubuni. Ya tatu, sauti yenyewe ihifadhiwe mahali ambapo watafiti wengine wataisikiliza, mfano CHILDES, hazina ya mazungumzo ya watoto iliyoanzishwa mwaka 1984 na Brian MacWhinney na Catherine Snow. Mama mmoja wa Kombewa alinikubalia mbili za kwanza akakataa ya tatu. Ile fomu yangu ya kwanza, yenye saini moja chini, isingempa nafasi hiyo.

Lipo pia swali la nyanya. Huku kwetu watoto wengi wa umri huu hushinda na dani, au kukhu kwa upande wa Waluhya, wazazi wakiwa kazini Nakuru au Nairobi. Dani atakukaribisha, atakupa chai, atakuambia rekodi tu mwanangu. Lakini eleza kwenye pendekezo ni nani atakayetia saini na utampataje mzazi aliye mbali. Kamati itauliza.

Leseni ya NACOSTI

Hii hutolewa chini ya Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya 2013, na maombi ni ya mtandaoni. Fungua akaunti kwenye tovuti ya tume, jaza kichwa cha utafiti kama kilivyo kwenye barua ya maadili, neno kwa neno, kisha pakia pendekezo, barua ya maadili, barua ya chuo ya kukutambulisha, kitambulisho na picha ya pasipoti. Ada hutegemea kiwango cha masomo.

Kuwa makini unapotaja kaunti. Ukitoka Maseno mjini kuelekea Luanda, mwendo mfupi tu, umeshaingia Vihiga. Upande mwingine Siaya haiko mbali. Familia zako zikiwa pande zote mbili za mpaka na wewe umeandika Kisumu peke yake, leseni haikufuati ng'ambo. Taja kaunti zote tangu mwanzo.

Leseni hudumu mwaka mmoja, na ina alama ya kuskani ambayo ofisa yeyote anaweza kuihakiki kwa simu. Chapisha nakala kadhaa hata hivyo.

Kaunti, chifu, mlango

Leseni si ruhusa ya kubisha hodi. Pitisha nakala kwa Kamishna wa Kaunti, Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti na ofisi ya gavana, uache barua na upate muhuri kwenye nakala yako. Ukienda shuleni au kwenye chekechea, mwalimu mkuu atataka kuona muhuri huo kabla ya kukuambia keti.

Halafu chifu na msaidizi wake. Nenda mwenyewe, usitume mtu. "Chifu, shikamoo" si salamu ya huku. Salimia kwa lugha ya mahali, sema umetoka chuo gani, ni kwa nini unataka sauti za watoto, na ni nani hasa atakayezisikia. Omba dakika tano kwenye baraza. Wazazi wakishasikia habari yako mbele ya kila mtu, ule uvumi kwamba kuna mtu anazunguka na mashine akichukua sauti za watoto hautaota mizizi. Uvumi huo si upumbavu. Ni watu wanaolinda watoto wao, na wana haki.

Kurekodi kwenyewe sitakueleza sana, isipokuwa mambo mawili: mvua juu ya mabati huua kila kitu, kwa hiyo fanya kazi asubuhi; na majina ya majirani yanayotajwa nyuma ya sauti yanatakiwa kufichwa sawa na jina la mtoto. Unukuzi ufanye kwa mfumo wa CHAT, ule wa CHILDES, ili kazi yako isomwe na programu zilizopo. Sesotho ya watoto, lugha ya Kibantu kama hizi zetu, iliyokusanywa na Katherine Demuth, imo humo tangu zamani, na mtu wa Lubukusu au Lulogooli atajifunza mengi kwa kuona jinsi viambishi vya ngeli vilivyonukuliwa vinapoachwa na mtoto na vinapoanza kutokea.

Kutuma makala

Kwa makongamano makubwa ya ACL siku hizi makala mara nyingi haiendi moja kwa moja kwenye kongamano. Inapitia mfumo wa uhakiki uitwao ARR, wenye mizunguko kadhaa kwa mwaka, ndani ya tovuti ya OpenReview. Ukishapata maoni ya wahakiki ndipo unaiwasilisha kwa kongamano unalotaka.

Fungua akaunti ya OpenReview mapema, wewe na waandishi wenzako wote. Anayejisajili kwa baruapepe ya chuo hupata akaunti mara moja. Anayetumia baruapepe ya kawaida husubiri kukaguliwa, na inaweza kuchukua hadi wiki mbili. Wanafunzi wetu wengi hawajawahi hata kuifungua baruapepe waliyopewa na chuo. Nenda kwa watu wa kompyuta wa idara wakufungulie leo.

Makala ndefu ni kurasa 8, fupi ni 4, bila kuhesabu marejeleo. Lazima kuwe na sehemu ya mipaka ya utafiti, nayo haihesabiwi kwenye kurasa. Ukiisahau, makala inakataliwa kabla ya kusomwa. Hiyo hiyo ndiyo sehemu ya kusema ukweli kwamba una watoto sita na si mia sita. Usione haya.

Uhakiki hufanyika bila majina. Futa jina lako, la chuo, na hata namba ya barua ya maadili, kwa sababu namba hiyo inataja chuo. Andika kwamba idhini ipo na itatajwa makala ikikubaliwa. Pamoja na makala utajaza orodha ya maswali ya uwajibikaji: je, ukusanyaji uliidhinishwa na kamati ya maadili? Ridhaa ilipatikanaje? Umehakikishaje kwamba hakuna mtu anayeweza kutambulika? Hapo ndipo saa zangu 11 zingeniumbua.

Taja lugha kwa jina lake. "Kiluhya" hakitoshi, Lunyore, Lulogooli na Lumarachi ni lugha tofauti mdomoni mwa mtoto. Mradi wa Kencorpus, ulioshirikisha Maseno, Chuo Kikuu cha Nairobi na Africa Nazarene, ulikusanya maandishi na sauti za Kiswahili, Dholuo na Kiluhya, na ukazitaja lahaja za Kiluhya moja moja. Fuata mfano huo.

Sasa saa. Tarehe ya mwisho huandikwa kwa saa za mahali pa mwisho duniani siku kuisha, saa 15 nyuma yetu. Ikisemwa mwisho ni saa sita kasoro dakika moja usiku wa tarehe 15, kwetu ni saa tisa kasoro dakika moja mchana wa tarehe 16. Usiutegemee mchana huo. Stima ikipotea Nyalenda saa nane, hakuna wa kumlilia. Tuma usiku wa kuamkia, kisha kila mwandishi ajaze fomu yake ya usajili, maana fomu moja isiyojazwa inaweza kuiangusha makala nzima.

Ikikubaliwa

Utapewa ukurasa mmoja zaidi wa kujibu yale wahakiki waliyotaka. Angalau mwandishi mmoja lazima alipe ada ya usajili, na ada hizo si ndogo. Omba msaada siku ile ile unapopata habari njema: makongamano haya huwa na fedha za wanafunzi na nafasi za kujitolea, na maombi hufungwa mapema. Usisubiri jibu la chuo kwanza. Omba kote.

Pasipoti huombwa kupitia eCitizen, na alama za vidole huchukuliwa Kisumu, Nakuru au Eldoret. Uwe nayo kabla ya kutuma makala. Kongamano likiwa Ulaya, viza ya Schengen unaweza kuiomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, nayo itakupeleka Nairobi kwa miadi, ukiwa na barua ya mwaliko ya kongamano. Wakati mwingine kongamano hutujia: mwaka 2023 ICLR, kongamano kubwa la ujifunzaji wa mashine, ilifanyika Kigali, pamoja na AfricaNLP, warsha ya kompyuta na lugha za Afrika, na Mkenya huingia Rwanda bila viza. Warsha hiyo ningemshauri yeyote aanzie.

Makala ikishachapishwa itawekwa kwenye maktaba ya ACL, inayosomwa bure na yeyote. Una deni la ripoti kwa kamati ya maadili, na kwa NACOSTI pia, nakala ya karatasi na nyingine ya kupakia, ndani ya mwaka mmoja baada ya utafiti kuisha. Kisha rudi kwa chifu, uombe tena zile dakika tano za baraza, na upite nyumba kwa nyumba. Beba spika ndogo yenye chaji. Dani atataka kusikia mjukuu wake alivyokuwa akisema, na atataka kusikia mara mbili.