Jinsi ya kuchambua na kupunguza adhabu za timu ya taifa ya raga

Fainali ya Kombe la Dunia ya 2023 katika uwanja wa Stade de France, Afrika Kusini iliifunga New Zealand 12–11 bila yenyewe kufunga trai (kugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa mpinzani) hata moja. Alama zote 12 zilitokana na mikwaju minne ya adhabu ya Handré Pollard. Kwa ngazi hiyo, adhabu moja ndogo inaweza kuondoka na kombe. Hivi ndivyo ninavyozichambua.

Hatua ya 1: Andika kila adhabu peke yake. Jumla ya "adhabu 12" haimsaidii kocha. Jedwali langu lina dakika, eneo la uwanja, aina ya kosa, jezi ya mkosaji, timu iliyokuwa na mpira, na kilichofuata. Jumuisha pia makosa ambayo refa alinyoosha mkono, akaacha mchezo uendelee, na filimbi haikulia. Wengi huyaruka, ilhali kosa limeshatendeka.

Hatua ya 2: Tenga kwa chanzo: raki (kusukumana juu ya mpira ulio chini), kuotea, skramu (vikundi viwili kusukumana ili kuanzisha tena mchezo), moli (kusukumana kumzunguka mwenye mpira aliyesimama), kukaba juu (juu ya mabega). Mkwaju huru, unaotolewa kwa makosa mepesi, uwe na safu yake, maana mpinzani hawezi kuupiga milingotini kutafuta alama.

Hatua ya 3: Rudisha video sekunde kumi kabla ya filimbi. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, usiiharakishe. Timu moja niliyoifanyia kazi ilikuwa na namba 7 aliyeongoza kwa adhabu za raki, karibu zote za kutojiondoa baada ya kukaba. Kocha alishaanza kufikiria kumweka benchi. Video ilionyesha jambo jingine: mwenzake wa upande wa ndani alikuwa akikaba akiwa wima, anasukumwa nyuma, na namba 7 analazimika kuja kumalizia kwa kuchelewa. Anaangukia upande wa wapinzani, miguu ya watu watatu imemzunguka, hana pa kubingirikia. Aliyehitaji kufundishwa ni yule wa ndani. Jedwali pekee lingemwonea kijana wa watu.

Hatua ya 4: Pima uzito. Adhabu ndani ya mita 22 zako, yaani karibu na mstari wako wa trai, ni alama tatu mpinzani akipiga milingotini, au mpira unatolewa nje karibu na mstari wa trai na mpinzani ndiye anayerusha. Ukirudia makosa huko, refa atatoa kadi ya njano: dakika 10 mko 14. Kukaba juu kuna hatari kubwa zaidi. Katika fainali ile, kadi ya njano ya nahodha wa New Zealand, Sam Cane, ilipandishwa kuwa nyekundu baada ya video kukaguliwa.

Hatua ya 5: Msome refa. Tazama mechi zake za karibuni: anaanza kukaza wapi, kwenye raki au kwenye mstari wa kuotea?

Hatua ya 6: Peleka matokeo mazoezini, kosa moja kwa wiki, si matano. Lifanyie kazi mwishoni mwa zoezi, wachezaji wakiwa wamechoka, kwa sababu mtu mwenye pumzi hukumbuka kukunja magoti na kukaba chini. Mpe msaidizi filimbi, na kila kosa likitokea kikosi chote kirudi mita 10 mbio kabla mpira haujaanza tena.