Bastola ndogo ya kiunoni kwa joto la Tanga

Mwenye leseni anayetafuta bastola ndogo asitazame udogo peke yake. Ya .22 (kipenyo cha risasi kwa inchi) haimrushi mtu mkono, lakini kiwashio cha risasi yake kimo ndani ya ukingo wa ganda. Kisipoenea sawasawa, risasi inagoma. Ya milimita 7.65 na ya 9 fupi risasi zake hupigwa katikati ya kitako cha ganda, huwaka kwa uhakika zaidi. Ila soma maandishi kwenye kitako cha risasi: 9×17, ndiyo 9 fupi, na 9×19, yenye ganda refu zaidi, hazibadilishani.

Kabla ya kulipa, ikiwa tupu, vuta slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma, mara kumi. Nyingi kati ya hizi ndogo zina springi ngumu kuliko kubwa, na kiganja chenye jasho kinateleza.

Kwa pwani yetu, jambo kubwa ni kutu. Wakati wa kaskazi shati linalowana kabla ya saa nne, na ala ya ngozi hunywa jasho na chumvi yake. Chagua ala ya plastiki ngumu inayofunika kifyatulio chote. Jioni toa magazini, hakikisha chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa, ni tupu, pangusa chuma kwa kitambaa chenye mafuta kidogo sana. Yakizidi yatapenya kwenye risasi. Usiihifadhi ndani ya ngozi.