Maswali ya mfululizo wa maumbo: fuata kitu kimoja kimoja, kigeuze namba

Mpwa wangu aliitwa kwenye usaili wa kuandika wa benki moja, akaja nyumbani Jumamosi na karatasi za mazoezi alizotoa kopi. Hesabu anaziweza, Kiingereza hakimsumbui. Kilichomtoa jasho ni yale maswali yasiyo na neno hata moja: picha tano kwenye mstari, ya sita haipo, na chini yake majibu A hadi E. "Mjomba, hizi mimi nabahatisha tu," akaniambia. Nami niliwahi kubahatisha hivyo hivyo nikaishia kwenye mchujo, kwa hiyo nilijua pa kuanzia.

Tutatumia swali moja tu, lichore mwenyewe kwenye daftari la hesabu lenye miraba. Kila picha ni mraba; katikati pana mshale mfupi, na kwenye kona mojawapo pana nukta nyeusi.

Picha 1: mraba mweupe, mshale unaelekea juu, nukta juu kushoto.
Picha 2: mraba wa kijivu, mshale chini kulia, nukta juu kulia.
Picha 3: mraba mweupe, mshale kushoto, nukta chini kushoto.
Picha 4: mraba wa kijivu, mshale juu kulia, nukta chini kulia.
Picha 5: mraba mweupe, mshale chini, nukta chini kulia.

Hatua ya 1: Orodhesha vinavyobadilika

Hapa ni vitatu: rangi, mshale, nukta. Kila kimoja kipe mstari wake kwenye karatasi ya rafu. Ukikodolea macho picha nzima ukitegemea jibu lijitokeze lenyewe, dakika zitakwisha na wewe bado unakodoa.

Hatua ya 2: Anza na kilicho rahisi

Rangi: nyeupe, kijivu, nyeupe, kijivu, nyeupe. Picha ya sita ni ya kijivu. Tumemalizana nayo.

Hatua ya 3: Mshale upe namba

Mshale una mielekeo minane. Juu ni 0, kisha zunguka kufuata mshale wa saa: juu kulia 1, kulia 2, chini kulia 3, chini 4, chini kushoto 5, kushoto 6, juu kushoto 7. Ukipita 7 unarudi 0.

Vitabu vingi hukuambia usome mielekeo kama uso wa saa. Mimi sikushauri, na sababu ni Kiswahili chenyewe. Nilimwambia mpwa wangu, "Mshale wa picha ya tatu uko saa tisa," nikiwa na maana ya ile 9 iliyoandikwa upande wa kushoto. Akauchora kulia. Na hakukosea! Kwetu saa tisa mshale mfupi uko kwenye 3. Tulibishana hadi chai ikapoa. Tumia 0 hadi 7, hazina mzozo.

Mshale wetu unasomeka 0, 3, 6, 1, 4. Kila mara umeongezeka 3, kwa sababu 6 na 3 ni 9, toa 8, inabaki 1. Unaofuata ni 7, yaani juu kushoto. Mwenzako akisema umerudi nyuma hatua tano kila mara, naye yuko sahihi. Mkifika mtakutana pale pale.

Hatua ya 4: Nukta inayoonekana kuganda

Hapa ndipo nilipopoteza jioni nzima, enzi zangu. Itazame nukta kwa macho tu: imekwenda kulia, ikashuka kushoto, ikaenda tena kulia, halafu ikaganda. Nilidhani inatembea kama msomaji: mstari wa juu kushoto kwenda kulia, kisha mstari wa chini. Picha nne za mwanzo zinakubali kabisa. Ya tano ilitakiwa irudi juu, haikurudi. Nikaandika pembeni kwamba swali lina makosa ya uchapaji, nikafunga daftari. Nikalifungua. Nikafunga tena.

Makosa yalikuwa yangu. Nukta ichukulie kama daladala inayozunguka kwenye vituo vinne: juu kushoto ni 0, juu kulia 1, chini kulia 2, chini kushoto 3. Sasa iandike: 0, 1, 3, 2, 2. Kutoka 0 hadi 1 ni kituo kimoja. Kutoka 1 hadi 3 ni viwili. Kutoka 3 hadi 2, kwa kufuata mshale wa saa, ni vitatu. Na kutoka 2 hadi 2 ni vinne: imezunguka mraba mzima ikarudi ilipotoka, ila wewe umeonyeshwa picha ikiwa imeshasimama. Safari ijayo ni vituo vitano, kutoka 2 inaishia 3. Chini kushoto.

Mambo ya kuchunga hapa ni mengi, na yote yameshanigharimu.

Kwanza, ukiwa na vituo vinne, kusogea vitatu mbele kunafanana na kurudi kimoja nyuma, kusogea vinne kunafanana na kusimama, na vitano kunafanana na kimoja. Ukiona nukta imekwenda mbele, mbele zaidi, ikarudi, ikaganda, shuku papo hapo kwamba hatua zinakua: 1, 2, 3, 4.

Pili, hesabu vituo kabla ya kuhesabu hatua. Nukta ikiwahi kusimama katikati ya upande hata mara moja tu, vituo ni vinane, na hatua nne zitaipeleka upande wa pili mkabala, haitaonekana kuganda.

Tatu, swali likikupa picha nne tu, 0, 1, 3, 2, basi kanuni ya msomaji na kanuni ya hatua zinazokua zote zinaingia. Ya kwanza inairudisha nukta juu kushoto, ya pili inaiacha chini kulia. Kwa nukta peke yake hutaweza kuamua. Malizana na vitu vingine, kisha tazama majibu yaliyobaki yanaruhusu ipi.

Nne, usichanganye mielekeo. Ukishaamua kufuata mshale wa saa, fuata huo huo hadi mwisho wa mstari, hata pale njia fupi inapokuita.

Hatua ya 5: Umezungushwa au umepinduliwa?

Swali letu halina hili, ila utakutana nalo. Kuna maumbo yanayofanana na bendera kwenye mlingoti, na kwenye majibu utawekewa bendera ya kweli pamoja na ile inayoonekana kwenye kioo. Jifanye unapanda mlingoti kuanzia ncha isiyo na bendera, huku ukiitazama karatasi. Bendera iko mkono gani? Ukiizungusha nyuzi zozote utakazo, mkono haubadiliki. Umebadilika? Basi imepinduliwa. Jizoeze kufanya hivi bila kuzungusha karatasi, maana mitihani mingi siku hizi iko kwenye kompyuta na skrini huwezi kuigeuza.

Hatua ya 6: Fyeka

Usingoje umalize vyote ndipo uangalie majibu. Rangi ikishajulikana, kata yote meupe. Mshale ukishajulikana, kata tena. Mara nyingi yanabaki mawili yanayotofautiana kwa nukta tu, na hapo ndipo yule aliyedhani nukta imeganda anapoangukia.

Ukikuta kisanduku badala ya mstari

Mitihani mingine hupanga picha katika safu na mistari, na nafasi moja huachwa wazi. Mtindo huo ulienezwa na John C. Raven wa Uingereza, ambaye jaribio lake lilichapishwa mwaka 1938. Kazi ni ile ile, ila soma kwanza kwa mlalo, kisha hakikisha kwa kwenda chini. Jaribio lake la kawaida lina maswali 60 katika makundi matano ya 12, na kila kundi huanza na rahisi kisha hupanda. Kwa hiyo swali la 11 au la 12 likikukaba, liache uende mbele: kundi linalofuata linaanza tena na mepesi.