Babu kafariki, mnataka kuandika kumbukumbu yake? Anzeni kabla ya arobaini

Huku kwetu Mtwara na Lindi mzee akifariki watu wanajaa, wengine wanatoka Dar, wengine Tunduru, wengine ng'ambo ya Ruvuma, halafu arobaini ikishasomwa kila mtu anarudi kwake na yale aliyokuwa anayajua kuhusu mzee anaondoka nayo. Kwa hiyo kama mnataka wajukuu ambao hata hawajazaliwa waje wamjue babu yao, kazi ifanyike watu wakiwa bado wapo hapo kwenye mikeka.

Ule wasifu unaosomwa siku ya mazishi hautoshi. Alizaliwa, alioa, kaacha mjane na watoto kadhaa, basi. Na yale maneno ya "alikuwa mcha Mungu na mpenda watu" yanasemwa kwa kila marehemu, ukibadilisha jina tu yanamfaa na jirani. Mnachotafuta ni matendo yake, vitu alivyokuwa anafanya yeye.

Anza na bibi. Kama ni Muislamu atakuwa eda, miezi minne na siku kumi, na kipindi hicho anahitaji sana mtu wa kukaa naye. Usimwendee na karatasi ya maswali kama karani wa sensa. Kaa naye mkichambua mboga, uliza vitu vidogo vidogo, asubuhi babu alikuwa anaanza na nini, ukiumwa alikuwa anafanyaje, mkigombana nani alikuwa anaanza kuongea. Ukimuuliza alikuwa mume wa namna gani atakwambia alikuwa mzuri, Mungu amrehemu, na mazungumzo yameishia hapo.

Bibi yetu kule Newala aliulizwa habari za maji tu. Zamani kule juu maji mnashuka kuyafuata bondeni halafu mnapanda nayo mlima, na ilikuwa kazi ya wanawake, sasa mgongo ulivyoanza kumsumbua bibi, babu akawa anashuka mwenyewe na baiskeli alfajiri, madumu ya lita 20 kayafunga na mpira wa tairi, kupanda anaisukuma. Wanaume wenzie wakawa wanamcheka eti kalishwa limbwata. Yeye anawasalimia anapita zake. Watoto wake wa kuwazaa walikuwa hawaijui habari hiyo, na mimi naona hiyo moja inamuelezea kuliko kurasa kumi za sifa.

Watani nao msiwapuuze. Mtani ndiye anayevaa kofia ya marehemu akaanza kutembea kama yeye, kukohoa kama yeye, kugombeza watoto kama yeye, mpaka waliokuwa wanalia wanacheka. Rekodini video, kwa sababu yule mtani kamuangalia mzee miaka mingi na anamjua kwa macho kuliko nyie.

Tarehe ndo zinasumbua. Wazee wetu wengi tarehe ya kuzaliwa iliyoko kwenye kitambulisho ilikadiriwa tu, kwa hiyo tafuteni matukio. Waulizeni rika lake: wakati wa mradi wa karanga Nachingwea (1947 mpaka 1951) alikuwa mtoto au alishaingia jando? Kimbunga cha Lindi cha 1952 alikikumbuka? Reli ya Mtwara kwenda Nachingwea alishawahi kuipanda kabla haijafungwa mwanzoni mwa miaka ya 60? Kama familia ilivuka Ruvuma kukimbia vita ya Msumbiji basi ni 1964 au baada ya hapo, na kama mtoto wa kwanza alizaliwa walipohamishiwa kijiji cha ujamaa hiyo ni miaka ya 70. Andikeni hivyohivyo, "alioa kabla ya vita ya Kagera", ni bora kuliko kubuni tarehe.

Halafu makaratasi. Fungueni sanduku lake mkiwa wengi, msifungue mtu mmoja. Kadi ya TANU, stakabadhi za korosho za chama cha msingi, cheti cha ndoa, barua za watoto waliokuwa shule. Hapa kuna jambo zito: ukianza kuuliza mikorosho ipo mingapi na shamba linaishia wapi, kuna watu wataona unawahi mirathi. Kwa hiyo semeni mapema kwenye kikao cha ukoo, mbele ya wajomba, kwamba hii ni kazi ya kumbukumbu na mirathi ina siku yake. Ila shambani nendeni, maana wazee wengine walipanda mkorosho kila alipozaliwa mtoto na ukiwa na mtu anayejua mtakuta miti ina majina ya wanawe.

Picha za zamani zilizogandia kwenye nailoni ya albamu msizivute, pigeni hivyohivyo na simu, kivulini mchana, bila fleshi. Nyuma ya picha andikeni kwa penseli, peni inapenya. Mkitumiana kwa WhatsApp tumeni kama dokumenti, mkituma kama picha kawaida inapungua ubora na kwenye kuprinti sura hazionekani vizuri.

Watoto waandikwe wote. Wa mke mkubwa, wa mke mdogo, wa nje ya ndoa, aliyelelewa tu, kila mmoja na jina la mama yake. Aliyekuwa baba kwao wote asigawanywe kwenye karatasi, na ukimruka mmoja hicho kitabu kitaleta ugomvi kila kikifunguliwa.

Mkishamaliza, pelekeni stesheneri wawachapie kopi chache, acheni kurasa tupu mwishoni kwa watakaokumbuka kitu baadaye. Kopi ya kwanza apewe bibi, hata kama hasomi mjukuu amsomee taratibu, na pale atakaposema hapa haikuwa hivyo, sahihisheni kwanza ndo muwape wengine.