Jiko la nje karibu na bahari: tazama bamvu kwanza, ndipo umwite fundi

Kazi yangu ni kuchora ramani na kusimamia ujenzi, kutoka Kunduchi mpaka Bagamoyo. Mteja wa jiko la nje huanza na makuti na vigae. Mimi humwomba kwanza twende ufukweni wakati wa bamvu, yaani maji makubwa, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tuone maji yanakomea wapi. Pale panapobaki mstari wa mwani na vifuu ndipo ninaposhika ncha ya futi. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru ufukwe, ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Ukipima siku ya maji mafu, bahari inapojaa kidogo, utajihesabia mita ambazo si zako.

Kwa hiyo jiko lipeleke nyuma ya nyumba. Wengi hulitaka mbele, kwa ajili ya mandhari, lakini huku kwetu kusi hutoka kusini mashariki na kaskazi hutoka kaskazini mashariki, yaani pepo zote mbili zinatoka upande wa bahari. Jiko likiwa mbele, moshi wote unaingia sebuleni. Likiwa nyuma, mwenye haki ya kuulizwa ni jirani. Kaa naye kabla ya kuchora, na dohani, bomba la moshi, ipande juu ya paa.

Kibali kinahitajika hata kwa nguzo nne na paa. Neno "ni kajiko tu" halijawahi kufuta X nyekundu ya kubomolewa ukutani. Andaa hati au barua ya toleo, risiti ya kodi ya pango la ardhi na michoro, kisha peleka ombi halmashauri kupitia mfumo wa mtandaoni wa TAUSI. Umbali wa kuacha kutoka mpakani waulize mipango miji, maana unategemea ukubwa wa kiwanja.

Mchoro unaokwama mara nyingi ni ule usioonyesha maji ya sinki yanakwenda wapi. Bwana afya atauliza, na ana haki: mafuta ya kukaangia samaki hayafai kuishia ufukweni. Chora chemba ya kunasa mafuta, halafu shimo la maji kunywea ardhini. Kabla ya kuamua kina chake, chimba shimo la majaribio na ulitazame bahari ikiwa imejaa. Maji yakichungulia chini, shimo lako liwe fupi na pana.

Mchanga wa pwani usiguse. Kuuchota kunaila fukwe, na chumvi yake inakula nondo. Nunua wa machimbo yenye kibali, na zege lifunike nondo milimita 50 kila upande. Boriti za mikoko nazo ziache. Mikoko ni msitu uliohifadhiwa, na kuikata bila kibali cha TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, ni kosa. Miti ya mikaratusi iliyotiwa dawa inabeba makuti vizuri tu.

Kama utatumia gesi, mtungi ukae nje, wima, kivulini. Gesi ikivuja hutambaa chini, hivyo acha matundu usawa wa sakafu. Moto wa mkaa na makuti visikae pamoja: juu ya jiko lenyewe weka bati.

Kibali kikitoka, nakala yake na ya michoro iliyogongwa muhuri ikae saiti siku zote. Mkaguzi hutokea hata siku ambayo wewe upo kazini na fundi yuko peke yake.