Jinsi ya kujipima VVU ukiwa chuoni
Mwanafunzi anayeogopa kuonekana kwenye foleni ya kupimwa anaweza kujipima chumbani, njia ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2016. Kwa kipimo cha kinywa, usile wala kunywa chochote kwa angalau dakika 15 kabla. Kisha pitisha kijiti mara moja kwenye ufizi wa juu na mara moja kwenye wa chini, ukitumbukize katika kichupa chake, na usome majibu ndani ya muda ulioandikwa kwenye pakiti (kungoja huko ndiko kugumu kuliko yote). Mistari miwili, hata wa pili ukiwa hafifu, inahitaji kuthibitishwa kituoni. Mstari mmoja kwenye herufi C iliyo kwenye kipimo ni hasi, ila kama ulijiweka hatarini ndani ya miezi 3 iliyopita, rudia baadaye.